Sentensi Iliyokwama Mfukoni

Siku ya kwanza ya majaribio, programu ya Nukta ilimwaibisha mchana kweupe, mbele ya mafundi sita wa pampu na bosi wao.

Ilikuwa katika karakana ya idara ya maji, saa nne asubuhi. Mafundi walikuwa wamekaa huku na huku, mmoja juu ya benchi la vifaa, mwingine juu ya bomba lililolazwa ukutani, kila mtu na simu yake mkononi. Watu hawa walizunguka wakitengeneza pampu za mkono, kila mmoja na upande wake, na huko walikokwenda mtandao ulikuwa haushiki hata upande juu ya tangi. Kila fundi alikuwa na ujanja wake wa kazi, na kila ujanja ulikuwa umefungiwa kichwani mwa mwenyewe. Bosi akaona wakistaafu wataondoka nao. Akataka kitabu kimoja cha mwongozo, kikae ndani ya simu zao, kila mtu aandike na kusahihisha popote alipo, intaneti iwepo isiwepo. Simu mbili zikikaribiana, hata hatua kumi tu, zipeane habari zenyewe kwa zenyewe, na vitabu virudi kuwa kimoja.

Kazi hiyo alipewa Nukta. Jina lake alipewa na shangazi yake siku aliyozaliwa, kwa jinsi alivyokuwa kadogo, na ingawa sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwenye ofisi yake juu ya duka la fundi viatu, hakuna aliyemwita vingine. Hata wateja.

"Haya," alisema, akijitia ujasiri. "Sentensi ya mfano ni hii: *Paka grisi kwenye pistoni*. Nataka watu wawili waisahihishe, kila mtu kivyake. Mzee yule pale mlangoni, na mama yule wa mwisho kule."

Karakana ikanyamaza ghafla. Fundi mmoja akakohoa. Nukta hakuelewa ni kwa nini, akadhani labda ameongea kwa sauti ndogo, akarudia.

Mzee wa mlangoni aliandika polepole kwa kidole kimoja. Mama wa mwisho aliandika harakaharaka bila kumtazama mtu. Mmoja alitaka grisi iwe safi, tena kidogo. Mwingine alitaka pistoni ifutwe kwanza kabla ya kuguswa na grisi yoyote. Simu zikanong'onezana, na kwenye kioo kikubwa ukutani ikatokea sentensi mpya, ambayo bosi, kwa bahati mbaya, aliisoma kwa sauti:

"*Futa paka kwanza kwa grisi safi kidogo pistoni.*"

"Paka gani tena?" aliuliza dereva wa idara, aliyekuwa ameegemea dirishani kwa nje kusikiliza yasiyomhusu.

Watu walivunjika mbavu. Fundi aliyekaa juu ya bomba aliteleza akashuka chini na bado anacheka. Mwingine aliapa kwamba katika visima vyote alivyowahi kushuka hajakutana na paka, mchafu wala msafi. Hata mzee wa mlangoni alicheka, na mama wa mwisho naye akacheka, mpaka macho yao yalipokutana kwa bahati mbaya. Hapo wote wawili wakafunga midomo kana kwamba kuna aliyezima swichi.

"Binti," bosi alisema, akijifuta machozi, "nenda kaitengeneze. Nisije nikaletewa maombi ya kununua paka."

Nukta alifunga kompyuta yake, masikio yakimchoma. Hadi saa saba mchana, idara nzima ilikuwa ikiiita programu yake Futa Paka.

Alikuwa akiishi na mama yake, mpiga chapa mstaafu aliyefanya kazi miaka ishirini na saba katika ofisi moja kubwa. Mpaka leo vidole vya mama havikujua kustaafu. Akisikiliza taarifa ya habari redioni, vilikuwa vikipiga chapa mapajani mwake, neno kwa neno, na msomaji akikosea kutamka, mama alirudi nyuma kidole kimoja kufuta.

Nukta alimsimulia yote jioni ile wakipepeta mchele barazani.

"Futa nini?"

"Paka, mama."

Mama alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Nukta naye, aliyekuwa amenuna tangu mchana, akajikuta anacheka pia, maana kicheko cha mama yake kilikuwa hakikuachi salama. Walipokwisha kuokota mchele, mama aliuliza, "Sasa wewe hiyo mashine umeiambia ifanye nini watu wawili wakisahihisha mahali pamoja?"

"Ichanganye. Nimehangaika nayo wiki nne. Inaangalia neno gani limewekwa wapi, lipi limefutwa, lipi litangulie, kisha inaunganisha."

"Kwa nini?"

"Ili wapate sentensi moja."

"Mwanangu, nilikuwa na mabosi wawili, mkurugenzi na makamu wake. Barua moja ikipita kwao wote, huyu ananisahihishia kwa wino mwekundu, yule kwa wino wa kijani. Huyu anafuta 'tunasikitika'. Yule anaongeza iwe 'tunasikitika sana'."

"Ukawa unachanganya?"

"Nichanganye kama nani? Nina cheo gani mimi? Nilizipiga chapa zote mbili. Hii juu, hii chini, pembeni jina la mwenye nayo. Naiweka mezani kwao, naenda zangu kunywa chai."

"Halafu?"

"Halafu wanasomana. Siku nyingine wanacheka. Siku nyingine wanafungiana mlango na kupigiana kelele, na mimi chai inafika vikombe viwili. Lakini barua ikitoka, inaeleweka."

Nukta aliacha kupepeta. Kwa wiki nne nzima alikuwa akijaribu kuipa mashine akili ya kuamua, na akili hiyo kila alipoiongeza ndivyo mashine ilivyozidi kuwa mjuaji. Haikumpitikia hata mara moja kwamba inaweza kutoamua.

"Mama, shika ungo," alisema, akaingia ndani.

Toleo la pili halikuwa na ujuaji. Watu wawili wakigusa sentensi moja, programu iliziweka zote mbili, juu na chini, kila moja na jina la mwandishi wake, na yeyote kati yao angeweza kukubali ya mwenzake au kuandika ya tatu. Wasipoafikiana, zote zinabaki, na msomaji anajionea mwenyewe kwamba hapa wataalamu wanavutana. Mafundi waliipenda. Mmoja alisema ni mara ya kwanza kuona kosa lake likihifadhiwa kwa heshima namna ile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo bosi alilisisitiza. "Sitaki umbea ndani ya kitabu changu," alisema. "Hapa mtu akituma ujumbe kwamba mpini umelegea, ukipita midomo mitatu unanifikia kwamba kisima kimebomoka." Kwa hiyo Nukta akaipangia kila simu igawe maneno ya mwenye simu peke yake. Ya mtu mwingine isiyabebe. Ukitaka maneno ya fulani, simu yako ikutane na ya fulani, uso kwa uso. Alijivunia sana uamuzi huo. Aliuona ni wa kiungwana.

Miezi miwili ilipita kwa furaha. Kisha bosi akampigia simu.

"Binti, vitabu haviwiani. Mafundi wanne wana sehemu arobaini na moja. Bi Washa ana thelathini na mbili. Mzee Taratibu ana thelathini na tatu. Kitabu kimoja gani hicho?"

Nukta alifika karakana Jumatatu asubuhi, siku ambayo Bi Washa huja kuchukua vipuri. Kumbe ndiye yule mama wa mwisho siku ile ya aibu. Jina lilitokana na washa za mpira, vile viduara vya kuzuia maji yasivuje, alizozibeba mfukoni kama pipi, ila waliowahi kugombana naye walisema lina maana ya pili, kwani akikushika kwa maneno unawashwa siku tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na paka wako?"

"Nimemwacha nyumbani," Nukta alijibu, na Bi Washa akacheka, akampa simu yake bila kinyongo.

Kitabu kilikuwa kizima, hakuna kilichoharibika. Kilichokosekana ni maneno ya mtu mmoja tu.

"Naona humu hakuna kitu cha Mzee Taratibu," Nukta alisema.

"Hajaandika, basi." Bi Washa alikuwa akihesabu nati, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Yule kuandika si kawaida yake. Kawaida yake ni kuandikiwa."

"Lakini wenzake wanazo sehemu zake tisa, mama."

Mkono wa Bi Washa ulisimama juu ya boksi la nati. "Basi kawaandikia wenzake," alisema. "Mimi sikutegemea kitabu kizima. Nilidhani labda angeandika hata mstari mmoja." Akachukua simu yake, akaitia mfukoni pamoja na washa, akaondoka kupitia lango la nyuma.

Nukta aligeuka kutafuta mtu wa kumuuliza. Mtu wa kumweleza hakuwa mbali. Dereva wa idara, waliyemwita Breki kwa sababu alikanyaga breki hata akiona kivuli cha mti barabarani, alikuwa akiosha gari hatua tano kutoka pale, na tambara lake lilikuwa limesimama muda mrefu mahali pamoja.

"Kwani hujui?" alisema. "Hao wawili ni mashemeji. Mzee kamwoa dada yake Bi Washa. Walikuwa kitu kimoja! Ukimwita mmoja, wanakuja wawili. Sasa mwaka wa tatu huu hawasemeshani. Bi Washa anakuja Jumatatu, Mzee anakuja Jumanne. Huyu anatumia lango la nyuma, yule la mbele. Mimi nikiwabeba, nawabeba kwa zamu."

"Kisa?"

"Mpira wa ndani wa baiskeli."

Nukta alidhani anataniwa. Lakini Breki alieleza vizuri. Bomba likivuja kwenye uzi wake, pale linapokazwa na jingine, na fundi yuko mbali hana tepu, anaweza kukata kipande cha mpira wa baiskeli, akakivuta kwa nguvu na kukizungusha kuelekea upande wa kukazia, na bomba likakaa mwaka mzima bila kuvuja. Mbinu hiyo ilikuwa ya Bi Washa. Alimfundisha shemeji yake kwenye kisima cha shule moja, wakiwa wawili tu. Kisha ukaja mkutano mkuu wa idara, wakubwa wakamwita Mzee Taratibu mbele ya watu wote, wakamsifia mbinu hiyo na kumpa cheti. Akakipokea. Akasema ahsante. Akakaa.

"Na hakumtaja?"

"Hakumtaja. Na Bi Washa alikuwa safu ya pili, kavaa kitenge kipya."

Kesho yake Nukta alimngojea Mzee Taratibu kwenye lango la mbele. Ndiye yule wa mlangoni siku ya majaribio, mzee mrefu, mkimya, ambaye kabla ya kujibu salamu aliifikiria kwanza. Simu yake aliifunga kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akautia kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye sanduku la spana. Kufunguliwa kwake kulichukua muda wa kutosha kunywa chai.

Nukta alipitia sehemu zake moja moja. Zote zilikuwa zimeandikwa kwa utulivu, kama mtu anayeongea na mwanafunzi asiye na haraka. Alipofika sehemu ya mabomba yanayovuja, akasoma, akarudia, akajisikia amefungua barua ya watu.

*Mbinu hii ya mpira wa baiskeli si yangu. Ni ya Bi Washa. Alinifundisha kwenye kisima cha shule, na mimi nilikuwa sijui lolote. Siku ya cheti nilipaswa kusema, ulimi ukawa mzito, watu wakapiga makofi, nikakaa. Fundi utakayesoma hapa, jua ni yake. Kata kipande cha sentimita tatu, kivute, kizungushe kuelekea upande wa kukazia.*

"Mzee," Nukta aliuliza taratibu, "hii uliiandika lini?"

Mzee alifikiri. "Wiki ya saba sasa."

"Na..."

"Kimya." Alifunga na kufungua spana yake bila sababu. "Wale wengine walisoma. Waliniambia. Mmoja alinipa mkono kabisa. Yeye hakusema kitu. Nami nikajua ndilo jibu lake, na ana haki."

Hapo Nukta alielewa. Wenzao wanne walikuwa wamesoma, na kila mmoja alidhani Bi Washa naye ameshasoma, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtajia jambo hilo, kwa kuogopa kuwashwa siku tatu. Maneno yalikuwa yamefika kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Yalikuwa yamekaa katika mfuko wa plastiki, ndani ya kitambaa, ndani ya sanduku, yakingoja simu mbili zikaribiane hatua kumi, wakati wenye simu walikuwa wamepanga hata malango ili wasikaribiane. Na aliyeyafunga huko ni yeye Nukta, kwa uungwana wake.

"Mzee, hajasoma," alisema. "Haijamfikia. Kosa ni langu, si lake wala si lako." Akamweleza.

Mzee Taratibu alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika sana, ila aliketi juu ya sanduku lake, na alikuwa mtu asiyeketi kazini.

"Hajasoma," alirudia.

"Nimwambie? Nina namba yake, naweza kumpigia leo hii."

"Hapana, mwanangu. Nimeshasemewa vya kutosha. Mke wangu alibeba maneno yetu mwaka mzima, 'mwambie mumeo', 'mwambie mdogo wako', mpaka akatangaza kwamba amejiuzulu. Niliandika ili asome. Wewe fanya asome."

Nukta alipanda ngazi za ofisi yake mbilimbili. Kwa siku tatu alifanya kazi nzuri kuliko ya zile wiki nne. Sasa kila simu ingebeba maneno ya watu wote, lakini kama bahasha zilizofungwa kwa gundi: mbebaji asiyehusika na kitabu hawezi kuyafungua, wala kuyapunguza, wala kuyatia chumvi. Bosi alikuna kichwa, akauliza umbea uko wapi hapo, Nukta akamwonyesha kwamba haupo, akakubali. Na mbebaji bora walikuwa naye tayari. Kila wiki Breki alipita kila kisima kupeleka vipuri.

"Kwa hiyo ninabeba siri za watu mfukoni," Breki alisema, akiitazama simu yake upya, "na mimi mwenyewe sizioni?"

"Huzioni."

"Hata kidogo?"

"Hata nukta."

"Hii programu ni ya dhuluma," alisema Breki, lakini akaiweka.

Jumatano iliyofuata simu ya Breki ikawa imekutana na ya Mzee. Nukta akapanda gari, maana ilibidi aweke toleo jipya kwenye simu ya Bi Washa pia. Walikwenda kwa breki nyingi. Bi Washa walimkuta peke yake kwenye kisima kando ya zahanati, pampu imefunguliwa, fimbo zake za chuma zimepangwa juu ya turubai kwa urefu, mikono yake imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Simu iko mfuko wa kulia," alimwambia Nukta. "Itoe wewe, mimi sishikiki."

Nukta aliitoa pamoja na washa nne. Aliweka toleo jipya, akairudisha juu ya turubai, akarudi nyuma. Breki alijifanya anakagua tairi. Simu ikalia mara moja, ikalia tena, ikaendelea kulia, sehemu baada ya sehemu, kama mtu anayehema baada ya kupanda mlima.

"Ina nini hiyo?" Bi Washa alisema. Alifuta mikono kwenye tambara, akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani kwa uzi, akachuchumaa.

Alisoma muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye kioo, akarudi juu, akasoma tena, midomo ikitembea. Nukta alitazama fimbo za chuma. Hakujua aweke wapi macho yake.

"Tarehe hii ni ya kweli?" Bi Washa aliuliza bila kuinua kichwa. "Wiki nane?"

"Ni ya kweli, mama. Programu yangu ndiyo iliyoichelewesha. Samahani."

Bi Washa alivua miwani. Akaifuta kwa upande wa tambara uliokuwa na grisi, ikawa mbaya zaidi, akaivaa hivyo hivyo.

"Sentimita tatu!" alisema. "Tatu! Nilimfundisha nne. Ukikata tatu, mpira unachomoka maji yakija kwa nguvu. Huyu mtu miaka yote hii anawafundisha watoto wa watu tatu?" Sauti ilikuwa ya ukali, lakini ilikuwa ikitetemeka pembeni. "Breki! Gari lina nafasi?"

"Lipo wazi, mama, ila pampu..."

"Pampu nairudisha sasa hivi. Shikeni hapo, nyote wawili."

Nukta hakuwahi kushika fimbo ya pampu maishani mwake. Nusu saa baadaye alikuwa na grisi shingoni, maji yanatoka, muuguzi wa zahanati anajaza ndoo, na Bi Washa amekaa mbele ya gari akimwambia Breki kwamba hicho alichokikwepa kilikuwa karatasi.

Waliingia kwa lango la mbele. Mzee Taratibu hakuwa na zamu siku ile, ila tangu asubuhi alikuwa ameng'ang'ania pale karakana akipanga upya mabomba ambayo hayakuhitaji kupangwa. Aliposikia mlango wa gari alisimama, bomba mkononi.

"Shemeji," alisema Bi Washa.

Mzee alifikiri. "Shemeji," alijibu.

Simu zao zilikuwa umbali wa hatua nne. Zikalia zote mbili kwa pamoja, zikipeana ya miezi miwili, na hakuna aliyezisikiliza.

"Umeandika sentimita tatu."

"Ulisema tatu."

"Nilisema nne! Nilikuonyesha kwa vidole!"

"Ulionyesha kwa vidole, na kimoja kilikuwa na bandeji. Nikahesabu vilivyobaki."

Bi Washa alianza kuhesabu vidole vyake. Alitazama mkono wake, kana kwamba bandeji ile bado ipo. Kisha kicheko kikamtoka, kile kile alichokizima siku ya majaribio, na safari hii hakukizima. Mzee Taratibu alianza kucheka taratibu, kama kawaida yake, lakini alipoanza ilikuwa kazi kumsimamisha. Mafundi wengine walichungulia kutoka stoo. Mmoja wao alipiga kofi moja, akaona haya, akaacha.

"Nilipaswa kusema siku ile," Mzee alisema walipotulia.

"Umesema," Bi Washa alijibu. "Nimesoma. Sasa lete hiyo simu tusahihishe kabla hujazamisha wilaya nzima."

Waliketi juu ya bomba moja, simu magotini, wakaandika, wakafuta, wakavutana kuhusu upana wa kipande, unene wa mpira, na kama baiskeli ya mtoto inafaa. Bosi alitoka ofisini kuuliza kelele za nini, akawaona, akarudi ndani kimyakimya na kuufunga mlango. Nukta alitaka kwenda kunawa, lakini alibaki kidogo nyuma ya gari, akiwatazama na kujisikia mwepesi. Breki naye alikuwa kando yake.

"Sasa niambie," alinong'ona. "Nilibeba nini?"

"Vipimo," alisema Nukta.

Wiki mbili baadaye, Nukta akiwa ofisini, simu yake iliita. Mpigaji alikuwa mwanamke ambaye hakumjua.

"Wewe ndiye mwenye ile programu ya mafundi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mke wa Mzee Taratibu, dada yake huyo Washa. Nimepiga kukulalamikia. Miaka mitatu nimekula chakula changu cha Jumapili kwa amani. Sasa wanakuja hapa wote wawili, wanamwaga nati juu ya kitambaa changu cha meza, wananiuliza mimi kama mpira wa pistoni unalowekwa au haulowekwi. Mimi!"

"Pole, mama," Nukta alisema, akijikaza asicheke.

"Usinipe pole. Sikiliza. Miezi mitano pampu ya hapa uani kwangu haitoi maji. Nyumba ina fundi, ina shemeji fundi, ina kitabu cha mafundi, na mimi nachota kwa jirani. Nimesoma humo kwenye simu ya mume wangu, kuna sehemu ya pampu za shule, za zahanati, za sokoni. Ya nyumbani kwa fundi haimo."

"Haimo, kweli."

"Basi niwekee na mimi hicho kitabu. Hii simu yangu ni ndogo, ina ufa kidogo kwenye kioo, lakini inaandika vizuri, na nina mengi ya kuongeza."

Nukta alivuta karatasi na kalamu. "Itafaa, mama," alisema. "Kesho nikipita hapo nitakukuta?"

"Utanikuta. Na ukija, njoo na ndoo."